Twiga yule yule, jina jingine: nani huamua kwamba mnyama yuko hatarini?

Naandika kutoka Rongai. Kabla hujaniuliza habari za matatu na muziki wake: hapana, si Ongata Rongai. Hii ni Rongai ya Nakuru, kwenye reli ya kwenda Eldoret, si mbali na Salgaa ambako matrela hulala usiku. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala Linux. Naandika kuhusu twiga. Nivumilie, maana hadithi yenyewe ilianzia kwenye hifadhidata.

Miezi michache iliyopita kikundi kimoja cha kujitolea kiliniomba nikisaidie kupanga rekodi zao za wanyama. Kwa miaka mingi walikuwa wakiandika kwenye madaftari, baadaye wakahamia Excel: tarehe, mahali, mnyama, idadi. Nikawatengenezea hifadhidata ndogo na fomu ya kujaza kwa simu. Kazi ya wikendi mbili. Siku ya kukabidhi, mmoja wao, mwalimu mstaafu, akaniambia, "Kijana, kuna kitu kidogo cha kurekebisha. Pale palipoandikwa twiga wa Rothschild, weka twiga wa Nubia. Siku hizi ndivyo anavyoitwa."

Nikaona ni jambo la dakika moja. Amri moja ya UPDATE, mistari yote inabadilika, tunakunywa chai. Nikaiandika, nikabonyeza. Kisha nikafungua ukurasa wa ripoti na kukuta twiga wote waliokuwa na alama ya kijani wamegeuka wekundu. Safu ya hadhi nilikuwa nimeifunga kwenye jina. Kwenye skrini yangu kundi zima lilikuwa limehama kutoka "anakaribia kutishiwa" hadi "hatarini mno kutoweka", na hakuna hata mmoja aliyekufa.

"Mwalimu, nadhani nimeharibu kitu," nikasema.

Akaangalia kwa muda, akacheka. "Hujaharibu, kijana. Hata huko juu mambo ndivyo yalivyo."

Jibu hilo halikunitoka kichwani. Nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, twiga wenyewe. Ni wale unaowaona Mbuga ya Ziwa Nakuru, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa. Utawatambua kwa miguu: kuanzia magotini kwenda chini hawana madoa, kama waliovaa soksi nyeupe. Mwaka 1903 mtaalamu wa Uingereza, Richard Lydekker, aliwapa jina la kisayansi la kumtukuza Walter Rothschild, tajiri aliyekusanya wanyama kwa ajili ya jumba lake la makumbusho. Jina lao la pili ni twiga wa Baringo. Kwa hiyo kabla ya mahindi yetu ya Rongai na mkonge wa kuelekea Mogotio, hii ilikuwa nchi yao.

Twiga alikuwa ameingia kwenye orodha ya wanaolindwa hata kabla ya kupewa jina hilo. Tarehe 19 Mei 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalitia saini London mkataba wa kuhifadhi wanyamapori wa bara hili. Hapakuwa na Mwafrika mezani. Mkataba ulikuwa na majedwali. Jedwali la kwanza lilitaja wanyama wasioruhusiwa kuuawa kabisa, na ndani yake kulikuwa na fungu la waliohesabiwa kuwa adimu na wanaotishiwa kumalizwa. Wa kwanza kutajwa katika fungu hilo alikuwa twiga. Baada yake walikuja sokwe, pofu na wengineo.

Jedwali la tano lilikuwa kinyume chake: wanyama "waharibifu" ambao idadi yao ilitakiwa ipunguzwe. Humo walikuwamo simba, chui, fisi na mbwa mwitu. Leo mbwa mwitu wa Afrika yuko kwenye Orodha Nyekundu ya dunia kama mnyama aliye hatarini kutoweka. Karatasi iliyomlinda twiga ndiyo iliyotaka mbwa mwitu wapunguzwe.

Walipimaje? Hawakupima. Hakukuwa na sensa wala kiwango chochote. Wawindaji wakubwa, magavana na watu wa makumbusho walisema wanavyoona, basi. Mnyama aliyependwa na wawindaji, au aliyewafurahisha kwa umbo, alipata ulinzi. Aliyekula mbuzi au kushindana na bunduki zao alipewa hukumu. Mkataba wenyewe haukuwahi kuanza kufanya kazi kwa sababu nchi zote hazikuuidhinisha, lakini mtindo wake wa majedwali ulibaki. Ukifungua sheria nyingi za wanyamapori leo, utakuta majedwali.

Tuseme hilo lilikuwa toleo la 1.0: orodha ya majina, bila sharti hata moja.

Toleo la pili lilikuja baada ya vita. Oktoba 1948, mjini Fontainebleau, Ufaransa, iliundwa jumuiya ambayo leo tunaiita IUCN, yenye serikali na mashirika ndani yake. Mwaka 1964 ndipo Orodha Nyekundu ilipoanzishwa. Vitabu vyake vya kwanza, vya mwaka 1966, vilikuwa majalada ya karatasi zinazofunguka ili ukurasa uliopitwa na wakati uweze kutolewa na mpya kuwekwa. Sisi waandishi wa programu tungesema walikuwa wanatoa masasisho. Wanyama waliokuwa taabani kabisa waliwekwa kwenye karatasi za waridi.

Hata hivyo, uamuzi bado ulitegemea busara ya mtaalamu. Wataalamu wawili wangeweza kutazama mnyama mmoja na kumweka kwenye ngazi mbili tofauti, na hakuna ambaye angeweza kuthibitisha kuwa mwenzake amekosea. Mwaka 1991 Georgina Mace na Russell Lande walichapisha pendekezo la kuweka tarakimu mahali pa hisia. IUCN ilipitisha vigezo vya tarakimu mwaka 1994, na toleo la 3.1 linalotumika mpaka leo lilitoka mwaka 2001. Naam, hata wao huandika namba za matoleo!

Vigezo ni vitano, kuanzia A hadi E. Mnyama akitimiza kimoja tu, kinatosha:

1. A: idadi imeshuka kiasi gani ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, muda ulio mrefu zaidi kati ya hiyo miwili. Kwa kawaida asilimia 80 ni hatarini mno kutoweka, 50 ni hatarini kutoweka, 30 ni hali tete.
2. B: eneo analoishi ni dogo kiasi gani, na linazidi kupungua au kukatika vipande?
3. C: idadi ni ndogo na bado inashuka.
4. D: idadi ni ndogo sana, hata kama haishuki.
5. E: hesabu za uwezekano wa kutoweka ndani ya miaka kadhaa ijayo.

Kigezo D ndicho rahisi kuliko vyote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekiandika hivi:

kama wakomavu < 50, basi "hatarini mno kutoweka"
la sivyo, kama wakomavu < 250, basi "hatarini kutoweka"
la sivyo, kama wakomavu < 1,000, basi "hali tete"

Nilipokisoma nilifurahi. Hatimaye kitu kinachoeleweka! Lakini kila mwandishi wa programu anajua kwamba masharti mazuri hayakusaidii kitu ikiwa unachokiingiza kina kasoro. Na hapa kinachoingizwa ni viwili: hesabu ya wanyama, na jibu la swali ambalo watu hulisahau, yaani unahesabu kundi gani?

Nitarudi kwa swali hilo. Kwanza tuweke wazi kwamba Orodha Nyekundu si sheria. IUCN haimfungi mtu. Ni ushauri wa kisayansi, na kutoka hapo kila serikali hupita njia yake.

Njia ya kwanza ni biashara ya kimataifa. Mkataba wa CITES ulitiwa saini Washington Machi 1973 na kuanza kazi Julai 1975. Una viambatisho: cha kwanza hupiga marufuku biashara ya kimataifa ya faida, cha pili huiruhusu kwa kibali. Mnyama huingia humo kwa kura za serikali, theluthi mbili. Hapo sayansi inakutana na siasa. Wengi tunaijua picha ya Rais Moi akiwasha moto tani 12 za pembe za ndovu Nairobi Julai 1989. Miezi mitatu baadaye, huko Lausanne, ndovu wa Afrika alipandishwa hadi kiambatisho cha kwanza. Twiga alisubiri zaidi: aliingia kiambatisho cha pili mwaka 2019 mjini Geneva, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizopeleka pendekezo. Kura zilikuwa 106 za ndiyo na 21 za hapana, na nchi kadhaa za kusini mwa Afrika, ambako twiga wao walikuwa wakiongezeka, zilipinga.

Njia ya pili ni sheria ya nchi. Ya kwetu ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Orodha ya spishi imo ndani ya sheria yenyewe, Jedwali la Sita. Usidhani ni karatasi ya mapambo. Sheria ilipopitishwa, kifungu cha 92 kilisema kosa linalohusu spishi iliyo hatarini au inayotishiwa lina faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Kifungu cha 95, cha kupatikana na nyara, kilianzia shilingi milioni 1 au miaka mitano jela. Adhabu hizo zilirekebishwa baadaye, lakini tazama ule umbali: neno moja kwenye jedwali, na mtu aliyesimama kizimbani anatoka miaka mitano hadi maisha.

Njia ya tatu nawapa ya Marekani kwa kulinganisha. Sheria yao ya mwaka 1973 inataka uamuzi ufuate ushahidi bora wa kisayansi uliopo, bila kutazama gharama, na raia yeyote anaweza kuwasilisha ombi. Kwa mujibu wa sheria, jibu linatakiwa ndani ya miezi 12. Ombi la twiga liliwasilishwa Aprili 2017. Pendekezo la serikali la kumlinda lilitoka Novemba 2024. Hesabu mwenyewe.

Sasa turudi kwa twiga wetu wa soksi nyeupe, na swali la kundi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi lao muhimu hapa Kenya lilikuwa kwenye ranchi moja huko Soy, Uasin Gishu, twiga wapatao 130 kwenye ekari 18,000. Serikali ilinunua ranchi hiyo ili kuwapa ardhi wananchi wasiokuwa nayo. Nani angewalaumu? Watu walikuwa wamesubiri mashamba tangu uhuru. Lakini mahindi na twiga havikai pamoja, kwa hiyo baadhi ya twiga walihamishwa, na mwaka 1977 wakaletwa Ziwa Nakuru. Mwaka 2011 wanane walipelekwa Ruko, Ziwa Baringo, na hivyo twiga wa Baringo akarudi Baringo baada ya miongo mingi. Ziwa lilipofurika likageuza makao yao kuwa kisiwa kinachozidi kumezwa na maji, na kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga tisa walivushwa mmoja mmoja kwa chelezo la chuma. Pengine uliona video.

Tazama jinsi hadhi yao ilivyokwenda wakati huo:

Mwaka 2010, Orodha Nyekundu ilisema twiga wa Rothschild, kama nususpishi (yaani tawi ndani ya spishi), yuko hatarini kutoweka. Mwaka huo huo, twiga kwa jumla, kama spishi moja ya bara zima, aliwekwa kwenye ngazi ya wasio na wasiwasi mkubwa. Mnyama yule yule, mwaka ule ule, ngazi mbili, kutegemea umechora duara wapi.

Mwaka 2016, spishi nzima ilishushwa hadi hali tete baada ya kuonekana kwamba twiga wa Afrika walipungua kwa asilimia 36 hadi 40 kati ya 1985 na 2015, wakabaki wasiofika 100,000.

Mwaka huo huo, Julian Fennessy na wenzake walichapisha uchunguzi wa DNA ya twiga 190. Wakasema twiga si spishi moja, ni nne. Tena wakasema twiga wa Rothschild na twiga wa Nubia, wa Sudan Kusini na Ethiopia, hawatofautiani: ni tawi moja.

Mwaka 2018 Orodha Nyekundu, ambayo bado ilikuwa inatumia mgawanyo wa zamani, ilimtoa Rothschild kwenye hatari na kumweka kwenye "anakaribia kutishiwa". Uhifadhi ulikuwa umefanya kazi: wakomavu walikuwa wamevuka ile 1,000 ya sharti langu la mwisho pale juu, na walikuwa wakiongezeka. Mwaka huo huo twiga wa Nubia, aliyeporomoka kwa vita na uwindaji, alitangazwa kuwa hatarini mno kutoweka.

Pendekezo la Marekani la 2024 lilifuata mgawanyo mpya: Rothschild hayupo kwa jina, yumo ndani ya Nubia, na Nubia anapendekezwa kuwa hatarini kutoweka. Agosti 2025 IUCN nayo ilitambua rasmi spishi nne, na katika mgawanyo huo Rothschild amemezwa na Nubia. Maana yake makundi yote inabidi yapimwe upya.

Sasa elewa kwa nini ripoti yangu iligeuka nyekundu. Tuchukue tarakimu za kubuni, za mfano tu. Tawi la kwanza lilikuwa na twiga 20,000, limebaki na 1,000: limeshuka asilimia 95, hatarini mno. Tawi la pili lilikuwa na 500, sasa lina 1,500: limepanda mara tatu, hongera. Ukiyaunganisha, kundi jipya lilikuwa na 20,500 na sasa lina 2,500. Limeshuka karibu asilimia 88. Hatarini mno. Lile tawi lililofanya vizuri limeingia shimoni pamoja na mwenzake, na hakuna twiga aliyesogea hata hatua moja. Geuza mfano na utapata hatari ya upande wa pili: tawi dogo linalokufa likiunganishwa na kundi kubwa lenye afya, hulioni tena. Hicho ndicho kilichotokea mwaka 2010 kwa twiga wa bara zima.

Kwa hiyo hiki ndicho nilichojifunza. Serikali hudhani inamlinda mnyama. Kwa kweli inalinda jina lililoandikwa kwenye orodha, na mnyama anafaidika ikiwa jina hilo bado linamfikia. Jina likibadilika huko maabara, sheria haibadiliki yenyewe. Lazima mtu akae chini alipeleke jina jipya kwenye jedwali, na mpaka afanye hivyo kuna pengo. Wakili mwerevu anaweza kusimama ndani ya pengo hilo. Mfadhili pia anaweza kulisoma vibaya na kuhamishia pesa zake kwingine: kwa nini nilipie ua wa mnyama "anayekaribia kutishiwa"?

Sisemi wanasayansi wanacheza. DNA ni ushahidi, na kukataa ushahidi ili tubaki na jina tulilolizoea ni ujinga. Wala sisemi tarakimu ni bure. Ukilinganisha na mwaka 1900, ambapo mbwa mwitu alihukumiwa kwa sababu wawindaji hawakumpenda, kigezo unachoweza kukikagua ni maendeleo makubwa. Kosa langu mimi, na nadhani la wengi, ni kudhani kwamba hadhi ni sifa ya mnyama kama urefu wa shingo. Hadhi ni matokeo ya hoja: nani, amehesabu kundi gani, lini, kwa kutumia toleo gani la vigezo.

Na hesabu yenyewe? Hapo kuna matumaini. Mwaka 2021 Kenya ilifanya sensa yake ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, ikapata twiga 34,240 wa aina zote. Kabla ya hapo, Machi 2015, watu wa kawaida walizunguka Mbuga ya Nairobi na kamera kwa siku mbili, wakapiga picha za pundamilia na twiga, kisha programu ikatambua kila mmoja kwa madoa na mistari yake. Madoa ya twiga ni kama alama za vidole, hayafanani. Twiga mwenye picha yake anahesabiwa hata kama jina la tawi lake litabadilika mara kumi.

Ndivyo nilivyotengeneza upya hifadhidata ya kikundi. Niliirudisha kutoka nakala niliyokuwa nimehifadhi (hifadhi nakala, jamani!). Sasa kila twiga ana namba na picha. Majina yamehamia jedwali lao, kila jina na tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Hadhi ina jedwali la tatu: imetolewa na nani, mwaka gani, kwa jina lipi. Ukiuliza twiga fulani yuko hatarini kiasi gani, programu haikupi neno moja. Inakupa mistari minne au mitano, mingine ikipingana.

Nilipomwonyesha mwalimu alilalamika kwamba ukurasa umekuwa mrefu, haumtoshi kwenye simu yake. Amesema kweli. Hilo nitalishughulikia wikendi hii. Ikiwa una picha za zamani za twiga wa Ziwa Nakuru zenye tarehe, hasa kabla ya maji kupanda, niandikie. Madoa yao bado ni yale yale, na huenda mmoja wao tunaye tayari.